Kitabu cha Ndoa na Karanga za Kukaanga

Wiki iliyopita, huku ughaibuni, mjini Eden Prairie, mama mzee ninayemhudumia aliniita nikaone ukoo wake kwenye kompyuta. Unajua, rafiki yangu, kazi yetu hii ya kutunza wazee ina mengi: kuogesha, kulisha, kukumbusha dawa, na kusikiliza habari za wafu wa watu. Nikaketi.

Alikuwa amepata madaftari ya parokia ya mashambani huko Uingereza walikotoka mababu zake. Ndoa za karne tatu, mstari kwa mstari: kibarua wa shamba, mjane, binti wa mhunzi, na asiyejua kuandika kachora msalaba. Daftari la ubatizo nalo lilikuwa hapo hapo, nami nikahesabu kwa vidole. Ndoa Novemba, ubatizo Januari. Ndoa Mei, mtoto Julai. Kumbe! Na kanisa la watu hawa ndilo lililopanda milima hadi kwetu kutufundisha aibu!

Nikamkumbuka nyanya yangu.

Kila Jumamosi nilikwenda naye kusafisha kanisa. Tulibeba mihogo ya kuchemsha na chai kwenye chupa iliyofungwa kitambaa. Yeye alifagia na kupiga deki kwa maji yenye mafuta ya taa, mimi nikafuta mavi ya popo kwenye viti na kusugua msalaba kwa majivu. Mpaka leo nikinusa mafuta ya taa nasikia ufagio wake. Lakini Meza ya Bwana aliyoifuta kwa mikono yake hakuruhusiwa kuikaribia, kwa kuwa hakuwa kwenye kitabu cha ndoa. Babu alimwoa kimila, na kila alipoombwa aende akafunge ndoa kanisani alijibu, “Mke nilishaoa. Mbuzi wa mahari waliliwa na shemeji zangu mpaka mifupa. Sasa nikamwombe nani tena?”

Kitabu kilitunzwa na mwinjilisti, mtu mfupi mwenye funguo nyingi kuliko milango, aliyevaa koti hata kwenye jua la kupasua kichwa. Alikifunika kwa kitambaa cha kufuma, na kabla ya kukigusa alinawa mikono. Sisi watoto tulimwogopa. Leo namdharau, tena bila kutubu.

Babu alipofariki, mlango ukafungwa kabisa. Nyanya hakutaka makuu. Alitaka siku yake ikifika apigiwe kengele na kusomewa sala kama Wakristo wengine. Alimwendea mwinjilisti na kuku mkononi.

“Mwalimu, niandike tu jina. Mzee hayupo, lakini watoto saba si mashahidi?”

“Mama, kitabu hiki ni kitakatifu,” akasema. “Hakiandikwi ovyo.”

Kuku hakumrudisha.

Mwaka uliofuata dayosisi ikaleta kitabu kipya chenye jalada gumu. Jioni moja nyanya alininunulia karanga kwa mke wa mwinjilisti, aliyekuwa akiuza kwenye lango la shule. Nilipofungua karatasi zilimofungwa nikaona mistari ya wino wa buluu na alama za vidole gumba. Nyanya hakujua kusoma, akaniambia nimsomee. Nikasoma: jina la bwana, jina la bibi, wa parokia hii, mashahidi wawili. Nilipofika kwenye sahihi ya mwinjilisti, chumvi imeganda juu yake, nyanya akanyoosha mkono.

“Kwa hiyo kiliandikwa ovyo,” akasema. Akaikunja karatasi ile, akaifunga kwenye pindo la leso yake. Karanga hakuonja.

Tulimzika bila kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya lori iliyotundikwa kwa waya, lakini hata hiyo alinyimwa. Mwinjilisti alikuja matangani, akala wali, akashiba. Siku hizi naambiwa kanisa lina mabati mapya na kengele ya kweli. Ufagio wa nyanya haupo, wala kitabu kile, wala anayemkumbuka kwa jina ila sisi wachache tuliotawanyika huku kwenye theluji.

Mama mzee aliniuliza kama nami ningeweza kupata ndoa ya nyanya yangu. Nikasema haipo. Akanishika mkono kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyeshiba.

“Pole sana, mpenzi. Inasikitisha kwamba watu wenu hawakuwa na vitabu.”

“Tulikuwa nacho,” nikamwambia. “Tulifungia karanga.”