Jina la Ndugu wa Karibu

Nilipopelekwa Kigombe kuweka kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati kwenye kompyuta, sikuwa na mtu ninayemjua pale. Programu yenyewe ilikuwa ya bure, na yeyote mwenye ujuzi aliruhusiwa kuirekebisha. Mchana kutwa nilihamisha majina kutoka kwenye madaftari, jioni nikala peke yangu.

Siku moja akaja bibi mmoja mwenye presha. Nilimwamkia shikamoo, nikaanza kumwandikisha. Tulipofika kwenye jina la ndugu wa karibu, akatikisa kichwa.

"Mume na wanangu wote wametangulia mbele ya haki," akasema. "Paache wazi, mjukuu wangu."

Programu ikakataa kuendelea. Ningeweza kuirekebisha palepale, ikubali nafasi tupu. Badala yake nikaandika jina langu na namba yangu ya simu.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Muheza, kwenye zahanati nyingine, muuguzi wa hospitali ya mjini Tanga aliponipigia. Akauliza kama mimi ni ndugu wa bibi yule. Nikasema ndiyo.

Nilimkuta amepooza upande mmoja, hawezi kusema. Nikamnywesha uji kwa kijiko siku tisa, mpaka alipofariki.

Kigombe, baada ya mazishi, jirani yake aliniuliza marehemu alikuwa nani kwangu.

"Bibi yangu," nikamjibu, naye akanipa pole.

Nikarudi Muheza, nikafunga mlango wa chumba changu, nikalia kama mfiwa.