Ngumi ya Baba Mnadani Isaka

Siku za mnada, Isaka ilinuka vitu vitatu kwa pamoja: mavi ya ng'ombe, oili ya garimoshi na maandazi ya moto. Mpaka leo nikisikia harufu ya maandazi hapa shuleni (ni mara chache, na andazi lenyewe linalingana na kifungo cha koti), haiji njaa. Anakuja baba yangu, amefungwa pingu moja na mtani wake, mkono kwa mkono kama maharusi. Nilikuwa darasa la tatu. Sasa niko kidato cha tatu, nimefundishwa mpaka kazi za Bunge, lakini kisa kile bado hakijaniingia kichwani, kwa hiyo msinitegemee sana.

Mtani mwenyewe alikuwa Mzee Komba, Mngoni aliyeletwa Isaka kupakua mizigo ya reli. Sisi ni Wasukuma, na Msukuma na Mngoni ni watani tangu babu zao walipokuwa wakikimbizana kwa mikuki. Mikuki ilikwisha, yakabaki matusi. Kila mnada Mzee Komba alimnyang'anya baba kofia yake ya pama, baba akamfukuza katikati ya ng'ombe, wakakamatana, wakasukumana, wakatukanana mpaka marehemu wa ukoo wakatajwa mmoja mmoja, kisha wakakaa kunywa togwa kwenye kata moja. Kanuni ilikuwa moja tu, hata sisi watoto tuliijua: mtani hupigwa kwa kiganja. Kiganja kikiwa wazi, huo ni mzaha.

Siku ninayoisema, baba alikuwa ameuza asubuhi ile ng'ombe wetu wa mwisho, dume tuliyemwita Kahawa, kwa sababu dada yangu alikuwa amelazwa mbali na nyumbani. Mzee Komba hakuwa na habari hiyo. Akaja kwa mtindo wake, akachomoa kofia, akapanda juu ya gogo na kuutangazia mnada mzima: "Jamani, Msukuma asiye na ng'ombe ni nini? Ni kisiki kimevaa kofia."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, tena nikapiga makofi. Baba naye alicheka. Alimrukia akicheka, wakaangukia nyanya za mama mmoja, mama mwingine mwenye mtoto mgongoni akatimua mbio akipiga yowe, na vijana wakashangilia. Nilikuwa nimechuchumaa karibu kabisa, nikisubiri kuiokota kofia, ndipo nikaona kiganja cha baba kikikunjika. Ikawa ngumi. Mara moja tu. Mzee Komba alipoinuka alikuwa na damu mdomoni na pengo jipya, na bado anacheka.

Askari aliyewakamata alikuwa mgeni, ametoka pwani wiki ileile, kaptula yake bado ina mstari wa pasi. Mnada ukamzomea. Wakamweleza kwamba hao ni watani, akajibu kwa upole kwamba yeye ameona watu wawili wanapigana hadharani, basi. Walimcheka njia nzima mpaka kituoni.

Katika mahakama ya mwanzo baba aliuliza ni nani aliyewashitaki, maana hata mwenye nyanya alikuwa amesamehe. Karani akasema mlalamikaji ni Jamhuri. Nikageuka kumtafuta ameketi wapi. Wazee wawili wa baraza, Wasukuma wenye mvi, walitaka kesi ifutwe twende tukale. Hakimu hakutaka. Alisema mnadani si sebuleni kwa mtu, na yule mama aliyekimbia na mtoto hakuwa mtani wa yeyote. Hata hivyo, kama ulikuwa mzaha ataangalia la kufanya. Kama ulikuwa ugomvi wa kweli, watakwenda jela wote wawili. Mvua za kwanza zilikuwa zinanukia. Baba akifungwa, nani angelima? Mama alikuwa hospitali na dada. Shahidi aliyekuwa karibu kuliko wote nilikuwa mimi.

Kwanza akaulizwa Mzee Komba habari za jino. Akasema lilikuwa bovu, lingetoka hata kwa ugali. Kisha hakimu akaniinamia.

"Kabula, baba yako alikuwa anacheka au alikuwa amekasirika?"

Nikamtazama baba. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Alikuwa anacheka," nikasema.

Na alikuwa anacheka kweli. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo.

Wakaachiwa kwa sharti la kutovunja amani miezi sita. Watu wakasema hiyo si adhabu, lakini hawakuwaona. Baba na Mzee Komba wakikutana njiani walisimama wima kama wakwe. "Habari za asubuhi, ndugu Komba." "Nzuri, ndugu. Nyumbani hawajambo?" Miezi ilipotimia, Mzee Komba alikuja mnadani mbio, akaichomoa kofia, akakimbia hatua kumi na kugeuka. Hakuna aliyemfukuza. Baba alikuwa amesimama palepale. "Kaa nayo tu, ndugu," akasema. Mzee Komba akabaki ameishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Kesho yake akanipa niirudishe.

Hapa shuleni ukipigana adhabu ni kung'oa visiki, na hakuna anayekuuliza ulikuwa unacheka au vipi. Mimi nimeshang'oa vinne muhula huu, vyote kwa mizaha yangu, na kila nikishika jembe namkumbuka yule askari wa kaptula. Mnada mzima uliojua mila ulimcheka, na yeye asiyejua kitu ndiye aliyekuwa sahihi. Sijui nifanye nini na jambo kama hilo.

Likizo iliyopita Mzee Komba alipita kwetu, mvi zimemjaa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na baba akaingia ndani kutafuta kiti ambacho kilikuwa palepale uani. Tukabaki wawili. Nikamwambia niliiona ngumi ile. Akacheka mpaka pengo likaonekana lote.

"Mwanangu," akasema, akiangalia mlango alioingilia baba, "jino lile lilikuwa bovu."