Ukuta wa Bahari Ambao Sikuuona

Mama yetu alikuwa na jiwe la kusagia ulezi, kubwa, limebonyea katikati kama tandiko la baiskeli. Ziwa Rukwa lilipofura likaingia mashambani, sisi bado wadogo, watu walikimbia na mbuzi na vyungu, mama akakaa juu ya jiwe lake. Baba akamwambia, "We mama, maji hayo yanakuja." Akajibu, "Basi nibebeeni jiwe, miguu ninayo." Ikabidi libebwe. Tukapanda Lyamba lya Mfipa, ule mteremko mkali wa kutoka bondeni, baba na mjomba wakipokezana jiwe na kutukana kwa sauti ya chini ili mama asisikie. Alisikia yote. Jiwe lipo mpaka leo, mjukuu mmoja ananolea visu.

Sisi watoto tulicheka, kaka yangu peke yake hakucheka. Kabla hatujahama alichomeka fito ukingoni mwa ziwa, na kila asubuhi alikwenda kuitazama. Anarudi anasema, "Limepanda vidole vitatu." Siku ya kuhama fito haikuonekana, wala kaburi la babu. Tangu hapo akawa mtu wa maji. Mvua ikinyesha sisi tunaingia ndani, yeye anatoka kutazama inakopita.

Sasa ndiyo nafika kwenye habari yenyewe. Miaka ya vijiji vya ujamaa, tumeshakuwa watu wazima, tumewekwa kijiji kipya si mbali na Sumbawanga, akaja Mholanzi kutuchimbia visima. Mrefu, mwekundu shingoni, Kiswahili anakikatakata kama kuni. Kaka akawa fundi wake, mimi mvuta kamba. Siku moja Mholanzi akachora chini kwa kijiti: huku bahari, huku ukuta, huku nyumba ya mama yake, na nyumba iko chini kuliko bahari. Kaka alichuchumaa pale mpaka ugali ukapoa.

"Na mvua ikinyesha ndani ya ukuta, maji mnayatoaje?"

Mholanzi akacheka. "Njoo uone."

Kumbe hatanii. Alipokwenda kwao likizo, barua ikamfikia mwenyekiti: fundi wake aende akatembee wiki mbili, nauli iko tayari, jina lipelekwe wilayani upesi. Kaka yuko bandarini Kasanga, ametumwa dagaa za duka la kijiji, na meli imechelewa. Mwenyekiti akanipa baiskeli. "Kamlete kaka yako."

Nilifika Matai, katikati ya njia. Hapo sitadanganya tena, nimezeeka: sikupita Matai. Kulikuwa na pombe ya ulezi iliyoiva vizuri, nikakaa siku mbili, na katika kunywa nikawaza, huyu kaka ameona Kasanga, ameona meli, mimi nimeona nini? Nikageuza baiskeli. Nikamwambia mwenyekiti, "Amesema niende mimi."

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu ndugu husimama mahali pa ndugu yake. Kwenye posa, kwenye msiba, hata barazani. Mwenyekiti akamwambia karani, "Si tumbo moja? Andika."

Kaka akarudi na magunia ya dagaa. Mwenyekiti akamshika mkono mbele ya watu: "Ndugu, umefanya vema kumwachia mdogo wako."

Kaka akanitazama. Neno moja tu kutoka kwake lingenimaliza. Akasema, "Ndiyo."

Jioni tukiwa wawili hakuniuliza kitu. Aliniambia, "Kula, tembea, furahi. Lakini ule ukuta unitazamie. Panda juu yake. Uangalie maji wanayatoaje."

Nikaenda. Mholanzi alinipokea akitazama nyuma yangu. "Kaka yako yuko wapi?" Nikasema anaogopa ndege. Mtu aliyeteremka visimani kwa kamba!

Nchi yenyewe ni nzuri, tambarare, hakuna hata kichuguu. Baiskeli nyingi kuliko watu, mabibi vizee wanakupita wima kama askari. Maua yamelimwa shamba zima kama tunavyolima maharage, na hayaliwi. Asubuhi wanakupa mkate wenye siagi, juu wamenyunyiza chembe nyeusi, nikadhani ulezi, kumbe tamu kama pipi. Kuna samaki mbichi mwenye vitunguu: unamshika mkia, unainua uso juu, unamshusha kooni. Mama wa Mholanzi alinicheka mpaka akakaa chini. "Umemziba jicho!" mwanawe akanitafsiria. Kweli, nilikuwa nimefumba macho na nimemziba samaki kwa kidole pale jicho lingekuwa, na kichwa chenyewe walishakikata, sijui nilikuwa naziba nini. Jibini nikalipenda. Viatu vya mti nikavijaribu, vikanitoa malengelenge.

Ikabaki siku moja. Mholanzi akasema, "Leo nimeweka kwa ajili ya ukuta. Ni mbali, kuna upepo na mvua. Au tubaki mjini, kuna gulio na chapati za maji. Chagua wewe."

Nilikuwa na baridi mpaka kwenye meno. Na zile chapati zao za maji wanazikaanga na nyama, wanazimwagia asali nyeusi. Nikachagua chapati. Nilikula nne. Ya nne nilimkumbuka kaka, nikaimaliza.

Nyumbani kijiji kizima kilikusanyika. Nilisimulia ndege, maua, mabibi vizee, samaki. Nilisimama nikaonyesha anavyoshushwa kooni, watu wakaanguka kwa kicheko. "Tena! Mshushe tena!" Nikamshusha tena. Kaka alikaa nyuma, karibu na kisima, ameshika magoti. Alingoja mpaka wakatawanyika.

"Ukuta je?"

"Mkubwa, kaka. Mkubwa sana."

"Wa mawe au udongo?"

"Mawe."

"Ulipanda?"

"Nilipanda."

"Ukiwa juu, upande wa bahari na upande wa nyumba, maji yalipishana kiasi gani?"

Nikainua mkono kuonyesha. Nikauinua mpaka kifuani, nikauona haujatosha, nikaupeleka begani, halafu nikaushusha tena kiunoni. Yeye akautazama mkono wangu unavyopanda na kushuka, kwa utulivu, kama alivyokuwa akiitazama ile fito.

"Hukwenda," akasema.

"Kaka, kulikuwa na mvua."

"Mvua."

"Na siku zilikuwa zimeisha. Nitamwandikia Mholanzi, atakueleza yote."

Hakugomba. Laiti angenipiga, ningekuwa na cha kusimulia. Alisimama, akajipangusa vumbi matakoni, akanywa maji ya kisima kwa kiganja. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Kutazama maji." Akashika njia ya kwenda ukingoni, ile ya kuteremkia bondeni Rukwa, bila shuka, bila jembe. Nikabaki nimesimama na mkono wangu sijui niuweke wapi, nikidhani atarudi kula. Hakurudi tena.