Kadi ya Baba

Nikiwa mdogo niliamini kabisa kwamba moto wa msituni haumuunguzi mwenye kadi ya chama. Binamu yangu aliniapia: moto hufika miguuni, huitazama kadi, kisha hugeuka.

Juzi niliona vijana wapanda milima wakiufuata moto mlimani juu ya mji wa Soni, simu mkononi, wakicheka. Harufu ya miti ya miwati ikiungua ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu. Moto ulinguruma mlimani kama malori elfu yakipanda kutoka Mombo, na Mama alikuwa huko juu akitafuta kuni. Kadi hakuwa nayo.

Nikaichomoa ya baba kwenye koti lake la Jumapili, nikapanda mbio nikilia. Jina lilikuwa la baba; nikaomba moto uwe haujasoma sana, kama mimi. Nyani walinipita wakishuka, na hata mmoja hakusimama kuitazama ile kadi. Majivu yalinijaa kinywani.

“Mama! Shika hii, usife!”

Alitokea kwenye moshi, akikohoa, kanga mdomoni. Akaitazama kadi, akanikamata mkono.

“Mwanangu, hii ni karatasi tu. Itaungua kabla yetu. Kimbia!”