Nilimtoa Babu Shimoni Nikampandisha Juu ya Gogo

Kosa ni langu. Sikulazimishwa kwa fimbo, wala sikuwa mtoto wa kusema sikuelewa. Nilikuwa mwari wa miaka kumi na tisa, akili zangu timamu, nikashika msahafu kwa mkono huu huu unaoandika, nikasema uongo mbele ya watu wazima. Yarabi nisamehe!

Sisi ni watu wa Mtongwe, upande wa Likoni. Mkipita kwetu leo mtaona minazi na mikorosho, mkadhani ndivyo palivyokuwa tangu hapo. Sivyo. Nyanya yangu alinihadithia kwamba alipoletwa pale bibi arusi, adhuhuri ilikuwa kama magharibi kwa wingi wa miti. Mivule na mibambakofi, watu watatu wakishikana mikono hawaumalizi mti mmoja. Waliokuja mwanzo hawakuja kulima. Walikuja kupasua mbao.

Na kupasua mbao wakati ule ilikuwa kazi ya watu wawili. Huchimbwa shimo refu, gogo likalazwa juu yake. Mmoja husimama juu ya gogo, mmoja huingia shimoni, na msumeno hupanda na kushuka baina yao. Wa juu ndiye mwenye msumeno. Yeye ndiye mwenye kuchagua mti na kupiga mstari, na pale alipochimba shimo lake la kwanza huwa ndipo pake, yeye na kizazi chake. Wa chini ni mtu aliyekaribishwa. Huvuta kutwa, na unga wa mbao wote humwangukia usoni. Kwetu hilo hakuna asiyelijua.

Aliyesimama juu ni Mzee Beja, Mduruma. Aliyekuwa shimoni ni babu yangu.

Babu alitoka pande za Gazi na nguo aliyoivaa, basi. Mzee Beja akampa kazi, akampa mahali pa kujenga, kisha wakachanjiana wakawa ndugu wa damu. Nyanya alikuwa akimwosha Babu macho kwa maji ya vuguvugu kila alipotoka kazini, mpaka macho yenyewe yakazimika. Mimi nimemdiriki Babu haoni kitu. Nikimshika mkono hadi mlango wa msikiti, halafu namngoja nje.

Kila mavuno, kikapu cha kwanza cha mahindi mapya kilikwenda kwa kina Beja. Hakuna aliyetudai. Ilikuwa heshima ya mtu aliyepokewa. Mimi ndiye nikikibeba, na Mzee Tsuma, mtoto wa Beja, alikuwa akinipokea kwa mzaha: "Mwanangu huyo! Leo hatulali njaa Mtongwe nzima!" Binti yake Mbeyu alikuwa shoga yangu. Wao Wakristo, sisi Waislamu, lakini tukisukana nywele, tukichota maji pamoja na kula sahani moja. Siri zangu zote alikuwa nazo yeye.

Nyanya alipokuwa mgonjwa mimi ndiye niliyekaa naye. Akanifundisha habari za ukoo jina kwa jina, nani alikuja na nani, nani alimpokea nani. Akikosa usingizi wa mchana ananiambia, "Haya, nirudishie." Nami namrudishia. Nikikosea nalimwa maneno! Alipofariki, naye Babu alikwisha kutangulia, kichwa kilichobaki na habari hizo zote nyumbani kwetu ni changu peke yangu.

Sasa sikilizeni nilivyokitumia.

Baba yangu alikufa mimi mdogo, akatulea Ami Sudi, ndugu yake. Siku zile za maneno ya mwambao, pwani ijitenge au isijitenge, kila barazani watu wanabishana nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, serikali ilileta maafisa wa kuandika mashamba. Ami akawahi. Akasema ardhi yote tangu njiani hadi kwenye mikoko ni ya baba yake. Mzee Tsuma akapinga. Ikapangwa siku ya kusikilizwa.

Ami akaja jikoni, nami nakuna nazi.

"Uhuru waja," akaniambia. "Ukishakuja, kila mtu atashika alichoandikiwa. Wataka tuwe wageni hapa?"

Nikamwambia, "Lakini Ami, Nyanya alisema…"

"Nyanya yako yuko kaburini. Na mama wa huyo bwana arusi wako yuwauliza nasaba. Nimwambieje? Kwamba tulipewa kiwanja na Mduruma? Kwamba baba yetu alikuwa mtu wa shimoni?"

Hapo aliniweza, jamani. Nilikuwa nimeposwa mjini, ukoo wenye jina lake, na mama mkwe mtarajiwa alikuwa mtu wa kuchambua watu kama mchele. Nilikuwa naitaka ndoa ile! Nilikwisha kumwonyesha Mbeyu kanga nitakazovaa. Niliona haya juu ya babu yangu mwenyewe, mtu niliyekuwa nikimshika mkono. Nakuna nazi, naona haya. Mpaka Ami anatoka jikoni nilikuwa sijamjibu, naye akajua nimekubali.

Siku ya siku tulikusanyika skuli. Afisa yuko mezani, karani yuko pembeni, na wazee wanne wamewekwa kumsaidia. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, najua Ami ataniita. Kumbe hakuniita Ami. Aliniita Mzee Tsuma!

Alisimama, kofia mkononi, akasema, "Mimi sina karatasi. Baba yangu amekufa, na mama yake Sudi amekufa. Lakini yuko mtoto yule pale. Nyanya yake alimsomesha mambo yote, na mtoto yule nimemjua tangu anatambaa. Aitwe yeye. Atakalosema, mimi nimelikubali."

Nikapita mbele, nikapewa msahafu, nikaapa.

Mzee mmoja katika wale wanne, mtu aliyekuwa akiijua kazi ya mbao, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, juu ya gogo alisimama nani?"

Nikamtazama Mbeyu. Alikuwa ananitabasamia. Alikuwa na raha kabisa, kama mtu anayemngoja shoga yake amalize jambo dogo ili warudi nyumbani.

"Babu yangu," nikasema.

"Na shimoni?"

"Baba yake Mzee Tsuma. Alikuwa kibarua."

Yule mzee akaniangalia tena. "Na macho ya babu yako yaliharibiwa na nini?"

"Uzee," nikajibu.

Lo! Lile la kwanza ningeweza kusema nilitishwa na Ami. Hili la macho sikufundishwa na mtu. Nililitunga mwenyewe papo hapo, na likanitoka laini kama salamu.

Watu wa Mtongwe waliokuwapo waliinamisha vichwa. Walijua, hasa wale wazee wazee. Lakini nani atamkanusha shahidi aliyeitwa na Mzee Tsuma mwenyewe? Mzee Tsuma alinitazama, na sikuona hasira. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtoto mwenye homa. Kisha akavaa kofia yake.

"Nilisema nitakubali," akamwambia afisa. "Nimekubali."

Ardhi ikaandikwa jina la Ami, na kina Tsuma wakahama kabla ya mvua. Waling'oa mabati, wakang'oa mlango, wakapakia mkokoteni hadi feri. Nilikuwa uani naanua nguo walipopita. Nikamwita Mbeyu, sijui hata nilitaka kumwambia nini. Akasimama kidogo.

"Kwaheri, mjukuu wa mwenye msumeno," akasema. Hakuongeza neno, akasukuma mkokoteni.

Walihamia Changamwe, chumba kimoja. Mzee Tsuma, mtu aliyekuwa na minazi yake, akawa anabeba magunia kwenye bohari ili ale. Mimi nikaolewa. Arusi ilifana, taarabu ikapigwa, mama mkwe akawaambia wageni mkwewe ni wa watu wa kwanza Mtongwe. Nikacheka na meno yote nje. Mtu mnafiki mimi!

Mwenyezi Mungu hakunichelewesha sana. Mwaka wa pili wa ndoa yangu Ami alimwambia mama yangu atoke. Alitaka kuuza upande ule wa nyumba yetu, na akadai marehemu baba hakuwa na fungu lolote. Nikavuka feri mbio, nimewaka moto. Nikamwambia Nyanya alisema hivi na hivi, fungu la baba linaanzia hapa linaishia pale.

Ami akacheka. "Nani atakusadiki wewe? Mimi najua unavyoapa."

Nikamchukua mama nikarudi naye mjini. Mama yangu anaishi nami mpaka leo, katika nyumba ya watu, akila anamtazama mama mkwe usoni kwanza. Ameniuliza mara moja tu, "Ulifanya nini siku ile skuli?" Nikajitia sikusikia. Hakuniuliza tena.

Na bado sikukoma! Hapa ndipo napoona haya kuliko pote.

Bendera mpya haikuwa na miezi miwili juu ya mlingoti, Mzee Tsuma akafa. Mimi nilikuwa Mtongwe kwa hitima ya jirani. Mara tukaona watu wanatoka upande wa feri na jeneza. Walikuwa wamemleta kumzika karibu na Mzee Beja, kama alivyousia. Ami Sudi akatoka, akasimama njiani.

"Kibarua hana makaburi hapa," akasema.

Watu wakaanza kusihi. Mzee mmoja akamvuta Ami pembeni, Ami akakataa. Msahafu niliapia mimi, karatasi anayo yeye. Halafu macho yakaanza kunigeukia mimi, moja moja. Na ya Mbeyu pia. Alikuwa ameshika ubao wa jeneza, ananitazama tu. Neno moja langu lingetosha. Ningesema, "Ami, mpishe, nilisema uongo," yangekwisha.

Nikainama nikaanza kumfunga mwanangu nguo ambayo haikuwa imefunguka.

Walisimama juani kitambo kirefu. Kisha wakageuza jeneza wakarudi nalo ng'ambo, kwenda kumzika miongoni mwa watu wasiomjua.

Nilikwenda kwa mwalimu aliyenisomesha Kurani chuoni, nikamweleza yote. Akaniambia nifunge siku tatu kafara ya kiapo. Nikafurahi, nikadhani ndiyo mwisho. Akaniambia, "Taratibu. Hiyo ni ya Mungu wako. Haki ya mja iko palepale, mpaka mja mwenyewe akusamehe." Nikafunga. Ya nne yake nikaaga naenda sokoni, nikapanda basi la Changamwe.

Nilimkuta Mbeyu uani kwenye mfereji, anafua. Amekonda. Nikamwamkia, akaitikia. Nikapiga magoti pale pale kwenye maji, nikasema yote, jikoni, skuli, macho ya Babu, jeneza. Nililia hadi majirani wakachungulia. Yeye anafua tu.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza. Nisamehe, shoga yangu."

"Hayo uliyoniambia nayajua. Mimi ni mjukuu wa Beja. Waniambia mimi kwa nini? Nenda kawaambie wale uliowaambia. Simama pale skuli mbele ya Ami yako, utaje jina lako, useme."

"Ndoa yangu itavunjika, Mbeyu. Na mama yangu nitampeleka wapi?"

Akakamua nguo, akaikung'uta, akaianika. Ndipo akanigeukia.

"Baba hakukuchukia, wajua? Sisi tukikutukana humu ndani, yeye akitukataza. Akisema, yule mtoto alitishwa, siku moja atakuja kusema kweli. Jumapili akiwa hana kazi alikuwa hatoki. Tukimwambia twende kanisani, asema nendeni nyinyi, mimi nabaki, asije mtoto akatukosa."

Jumapili zote zile! Mimi nikizipitisha Jumapili hizo napakwa hina, natembelewa, napeleka sahani za halua kwa watu wa mume wangu. Na yule mzee amekaa kwenye chumba kimoja Changamwe ananingoja mimi nifike.

Mbeyu hakusema amenisamehe. Hakusema hakunisamehe. Aliingia ndani na beseni lake, na mimi nikarudi kwangu na vitenge vya sokoni nilivyovinunua njiani ili nisiulizwe.

Wenzangu, nawasihi. Kama unaijua kweli ya mtu, iwe ya shamba, ya nasaba au ya mtoto, iseme angali hai aisikie kwa masikio yake. Msidanganyike kwamba baadaye mtaitengeneza. Baadaye nimefika huko mimi, hakuna mtu. Na wewe unayeona haya juu ya babu yako kwa kuwa alikuwa mtu wa chini, muogope Mungu. Babu yangu alikula jasho lake shimoni akafa na heshima yake. Mimi ndiye niliyemharibia.

Mbeyu aliniambia nisimame nitaje jina langu. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Nimeandika kila kitu, jikoni, skuli, feri, Jumapili zile zote. Nimefika mahali pa kutia jina, kalamu iko mkononi, na wallahi, bado naogopa.