Msalaba Kwenye Kitako cha Chupa

Watu hudhani mwokota taka hana pua. Honorine anayo, tena kali, na miaka tisa ya jalala haijaipunguza makali. Kila asubuhi kwenye jalala la Annexe, pembezoni mwa jiji, hutia mkono mahali ambapo hata mbwa mwenye adabu zake angegeuza njia: nepi zilizofura, matumbo ya kuku, ugali uliochacha unaotembea kwa funza. Chupa za plastiki anazoziokota huziosha mtoni kwa mchanga na sabuni ya Omo pamoja na wanawake wengine wawili. Ili zisichanganyike, kila mmoja huchora alama yake kwa msumari kwenye kitako. Ya Honorine ni msalaba. Kisha humuuzia Donat, mnunuzi wa jumla, naye huzipeleka anakokujua mwenyewe.

Jumanne moja aliokota chupa nyuma ya zahanati. Bega la chupa hiyo lilikuwa limebabuka kwa moto, na ndani mlikuwa na pamba na usaha wa rangi ya chai ya maziwa. Honorine alitapika palepale. Aliiosha mara tatu, harufu ikang'ang'ania.

"Hii ni ya petroli tu," alimwambia Donat. "Usiuzishie bantu ba kuuzisha munkoyo ya kunywa."

Donat alicheka, akaitupa kwenye gunia lilelile pamoja na nyingine. Honorine aliona kwa macho yake, akageuza mgongo, akaenda zake.

Jumamosi wakaja wakwe. Mama Ntumba, mama yake Merdi, kijana aliyetaka kumwoa Dorcelle, binti pekee wa Honorine, aliketi na leso puani na kitenge cha posa mapajani. Angekikabidhi baada ya kinywaji, na hapo Dorcelle angekuwa mchumba wa mtu. Mgeni alikuwa ameambiwa kwamba Honorine anauza sokoni, basi.

Dorcelle alileta sinia safi lenye chupa ya munkoyo, kinywaji cha mahindi alichokinunua kwa Mama Angélique, anayesifiwa mtaa mzima. Kwa desturi mwenye nyumba huonja kwanza, wageni wajue hakuna sumu. Honorine akamimina glasi mbili, yake na ya Mama Ntumba. Alipokuwa akifunga chupa, aliliona bega lililobabuka. Akaiinua juu, akachungulia kitako. Msalaba.

Ndani ya glasi mlikuwa na povu jeupe, lakini yeye aliiona pamba. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga hawakukosea.

"Onja basi, Mama Dorcelle," alisema Mama Ntumba. "Ao iko na kitu ndani?"

Dorcelle alimtazama mama yake kwa macho ya kusihi: meza tu, mama. Honorine akaifikisha glasi midomoni. Akaiweka chini.

"Musikunywe. Hii chupa, ni miye niliokota, ku takataka ya dispensaire. Ilikuwa na uchafu ya bagonjwa. Alama yangu ni hii."

Dorcelle alifunika uso. Mama Ntumba aliisukuma glasi yake mbali kwa ncha ya kidole. Honorine akangoja matusi ya jalala.

"Kazi ni kazi, Mama," alisema mgeni hatimaye. "Haiko haya. Lakini zile chupa unaokotaka, unaziuzisha zote?"

"Njo, Mama, zote," alikiri Honorine.

"Na bantu banakunywamo kila siku?"

Honorine aliifunika alama kwa kiganja.

"Leo tumekuja siye bakwe, unasema. Bale bengine, nani anabaambiaka?"

Honorine akawakumbuka watoto wanaopanga foleni kwa Mama Angélique jua linapokuwa kali, na gunia la Donat, na yeye mwenyewe akigeuza mgongo. Alijionea kinyaa.

Mama Ntumba alikikunja kitenge taratibu, akakirudisha mkobani, akasimama.

"Siku utapata jibu," alisema, "utatuita."