Mwalimu wa Virusi na Mdogo Wake

Wanafunzi walimwita Kapsidi, yaani lile ganda la protini linalofunika kirusi, kwa sababu hakuna neno alilolitamka kwa raha kama hilo. Alikuwa mwalimu wa baiolojia, mjane asiye na mtoto, ulimi wembe. Siku ya somo la virusi hata wasinziaji wa viti vya nyuma walikaa macho.

Mdogo wake wa kiume, fundi wa kuchomelea mageti, hakuchoka kumtania.

"Dada, wewe unapenda wadudu kuliko watu."

"Si wadudu. Mdudu anakula, anapumua. Kirusi hakina hata tumbo."

Mchana mmoja fundi alikuja kwake akichechemea. Mbwa wa mteja wake, tena mbwa mpole, alikuwa amemrukia juzi yake, udenda ukimtoka, akamtoboa shavu la mguu.

"Uliosha kwa sabuni?"

"Nilipaka grisi."

Mwalimu akashika kiuno. "Grisi! Kirusi cha kichaa cha mbwa kimevaa koti la mafuta, sabuni ingelichana. Ndani yake hamna kitu ila uzi wa maelekezo. Kinajishikiza kwenye seli kwa miiba yake, seli inakimeza, kisha ule uzi unaishurutisha itengeneze virusi vingine. Vinapanda na mishipa ya fahamu, taratibu, mpaka kwenye ubongo. Vikifika huko, hakuna daktari."

"Taratibu kiasi gani?"

"Wiki, hata miezi. Ndiyo maana chanjo inaviwahi. Nenda sasa hivi, na siku watakazokupangia urudi."

Aliondoka. Jioni alirudi na plasta begani, akijipepea kwa mkono.

"Wamenichoma. Nusura nizimie, dada."

Walicheka mpaka machozi. Mwanamume aliyeshinda akiogeshwa cheche za moto, tangu utotoni alikuwa akiiogopa sindano kuliko simba.

Miezi miwili baadaye wifi yake alipiga simu. Mume wake mguu unamwasha palipokuwa na kidonda, halali, amekuwa mkali, na kila akiletewa maji koo linamkaza, anakirusha kikombe. Mwalimu aliketi sakafuni papo hapo, simu ingali sikioni.

Alimkuta hospitalini, amefungwa kitandani kwa shuka, mapazia yameshushwa. Daktari alimvuta pembeni, akasema watamtuliza tu, zaidi ya hapo hawana la kufanya. Mkewe, amevaa glavu, alikuwa akimfuta mate. Fundi alitulia kidogo, akamtambua dada yake.

"Niambie kweli. Wewe hujui kudanganya."

"Sindano ulichomwa ngapi?"

"Hata moja. Plasta nilinunua duka la dawa, nikajibandika."

Mwalimu aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Vimefika kichwani?"

"Vimefika."

"Sasa hivi vinafanya nini?"

Wifi yake alimkazia macho, akitikisa kichwa asijibu. Alijibu. "Vinajinakili. Seli zako ndizo zinazovitengeneza. Vingine vimeshashuka kwenye mate."

"Vinapata faida gani, dada?"

"Havipati kitu. Havijui hata kwamba upo."

Fundi alilia kwa sauti nyembamba ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kisha akaomba maji. Yalipoletwa akapiga ukelele, mwili ukajipinda, na wauguzi wawili wakamkandamiza. Alikufa kesho yake mchana, kinywa kikiwa kikavu.

Msibani, mbele ya wafiwa wote, mjane wa fundi alisimama.

"Mume wangu alitaka kuambiwa atapona. Basi! Wewe ukamsomesha kama mwanafunzi wako."

"Aliniuliza, wifi."

"Na mimi nilikuwa nakutikisia kichwa!"

Hakuna aliyemtetea. Shangazi yao mkubwa alimwonyesha mlango kwa kidevu, naye akachukua viatu vyake akatoka.

Mjane alichanjwa pamoja na watoto wake, kisha akahamia kwao. Namba yake ya simu haikupatikana tena. Mwalimu aliwapelekea watoto viatu vya shule kupitia kwa jirani, vikarudishwa ndani ya maboksi yaleyale.

Muhula uliofuata mkuu wa shule alimwambia, "Mada ya virusi tumpe mwingine mwaka huu." Alikataa. Alifundisha vizuri, pengine kuliko miaka yote. Msichana mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama mgonjwa wa kichaa cha mbwa huwa anajua kinachomtokea.

"Akiuliza, anaambiwa," akasema, akaendelea kuchora.